Mtandao Uitwao Nasikia Baridi

Tahina alitoka kununua selotepu, hakuna zaidi. Kibanda chake cha kutengeneza kompyuta kilikuwa Behoririka, penye zile ngazi, ubavuni mwa meza ambapo Hanta aliuza chaja za simu. Alivuka barabara, akanunua ile nyembamba wanayotumia mafundi wa umeme, akarudi ameinua kola ya koti mpaka masikioni. Ilikuwa Julai, na Julai ya Antananarivo haina adabu: jua likishajificha nyuma ya kilima cha kasri, baridi inapanda kutoka kwenye majaruba ya mpunga na kuingia nyumba hadi nyumba. Saa kumi na moja na nusu. Umeme ungekatika saa kumi na mbili, kama jana, kama juzi.

Kompyuta iliyokuwa mezani ilikuwa yake mwenyewe, na aliihitaji. Baada ya wiki mbili ukoo wao ungefungua kaburi la mababu kule Ambohitsoa, uwatoe wafu, uwavike sanda mpya za hariri, ucheze nao, uwarudishe kabla jua halijazama. Kwao jambo hilo hufanyika mara moja kila miaka saba. Na Tahina ndiye aliyeshika orodha: majina mia moja arobaini na mbili ya wenye haki ya kulala ndani ya kaburi lile, waliokwisha kufa na walio hai bado, kila jina na namba yake. Watu wa kwetu wako radhi kuishi chini ya bati linalovuja miaka sitini, mradi wajue watalala wapi baada ya hapo. Asiye na nafasi kaburini kwao, hana kwao.

Wa mia na nane alikuwa Njaka, kaka yake wa tumbo moja. Yaani, aliwahi kuwa.

Tuseme ukweli, maana wenyewe hawausemi. Njaka alimwoa Vololona, na babu wa babu yake Vololona alikuwa mtumwa wa watu kama babu wa babu yake Tahina. Hakuna aliyelitamka neno hilo. Walisema "wale wa bondeni", wakashusha sauti, wakabadilisha mazungumzo. Njaka alipokufa kwa ugonjwa wa kifua, miaka mitatu iliyopita, Baba Mkubwa Ralambo, ambaye ndiye kichwa cha ukoo, aliwaita wote sebuleni kwake. Akawatazama mmoja mmoja. Akasema kaburi la Ambohitsoa halina nafasi ya mtu aliyelikimbia. Mama yao alikuwa anatazama sakafu. Ralambo akamgeukia Tahina na kompyuta yake. "Futa," akasema.

Tahina akabonyeza kitufe kimoja. Mkono haukumtetemeka hata kidogo, na hilo ndilo lililomuuma baadaye. Majina ya chini yakapanda, na yeye aliyekuwa wa mia na tisa akawa wa mia na nane. Njaka akazikwa kwenye makaburi ya manispaa kando ya barabara, kwenye udongo mwekundu mtupu, na hakuna wa kwao aliyerudi kumtazama.

Sasa kadi ya waifai ya kompyuta ya Tahina ilikuwa imekufa Jumanne. Katika droo ya chini kulikuwa na kompyuta ya Njaka; aliileta itengenezwe bawaba mwezi mmoja kabla ya kufa, na hakuna aliyekuja kuichukua. Tahina akaifungua, akachomoa kadi yake, kidude kidogo kuliko biskuti. Ni kadi tu, alijiambia.

Alipoipachika na kuwasha, kioo kikawa cheusi, yakatokea maandishi meupe: *Kadi hii haimo kwenye orodha ya zinazoruhusiwa. Zima, itoe.*

Kompyuta za aina ile ndivyo zilivyo. Zinatoka kiwandani na orodha yao tumboni, na kadi isiyoandikwa humo inakataliwa mlangoni, hata kama ni nzima, hata kama ni bora kuliko iliyokuwepo.

"Imekukataa?" Hanta aliuliza mchana ule, akichungulia juu ya chaja zake.

"Imeikataa kadi."

"Si ununue nyingine, fundi. Kutwa nzima unabembeleza takataka."

"Mashine haiwezi kunipangia mimi nani aingie na nani asiingie."

Hanta akaanza kupanga chaja ambazo zilikuwa zimepangika tayari. Habari za Njaka zilijulikana Behoririka nzima.

Basi Tahina aliingia ndani ya programu inayoiamsha mashine, akaitafuta ile orodha, akaandika humo namba ya kadi ya Njaka kwa mkono wake. Kazi ya saa tatu. Kwa mashine, Tahina alikuwa jasiri. Mashine ikaikubali kadi lakini ikaibana pumzi, kwani kupitia kijino kimoja cha kadi ilikuwa inapeleka amri ya kuzima redio. Mafundi wanajua dawa yake. Unakata kipande cha selotepu chembamba kama ukucha, unafunika kijino kile, na amri haifiki tena. Hiyo ndiyo safari ya selotepu.

Akabandika. Akakaza skrubu. Akawasha.

Taa ndogo ya buluu ikawaka. Mitandao ya majirani ikaanza kujipanga kwenye kioo: wa duka la simu, wa hoteli ya juu, wa Hanta ambao aliuita *Lipia Wako*. Na chini kabisa, bila kufuli…

*Nasikia baridi.*

Hakuna mtoto wa nchi ya vilimani asiyejua nani anasema maneno hayo. Wafu wa kwetu wakija ndotoni hawaombi sala wala chakula. Wanasimama kando ya kitanda, wanasema wanasikia baridi, na asubuhi watu wanaanza kutafuta hariri.

Hanta alikuwa ameshafika nyuma ya bega lake. Alinong'ona, mwanamke ambaye hajawahi kunong'ona tangu azaliwe.

"Fundi. Huyo ni wa kwenu."

"Ni kijana wa hoteli anafanya mzaha."

"Mzaha wa hivyo nani anaufanya? Kaburi lenu mnafungua lini?"

"Tarehe ishirini na sita."

"Basi babu yenu amechoka kungoja. Mwambie baba yako mkubwa."

Umeme ukakatika.

Behoririka yote ikazama kwenye kiza cha magharibi, watu wakaguna, jenereta moja ikakohoa mbali huko. Kompyuta iliendelea kwa betri. Kwenye kioo mitandao ilianza kufa mmoja mmoja. Duka la simu. Hoteli. *Lipia Wako*. Hivyo ndivyo inavyokuwa umeme ukienda.

Ukabaki mmoja. Mistari yake yote ilikuwa imejaa.

Tahina akasukuma swichi ya ubavuni, ile ya kuzima redio. Haikuzima. Akasukuma tena… tena… Kisha akakumbuka kijino alichokifunika. Amri yoyote ya kunyamaza sasa isingefika, naye ndiye aliyeifungia njia.

Alisikia harufu ya udongo uliolowa, ule mwekundu, uliochimbwa sasa hivi. Mvua ilikuwa haijanyesha tangu Mei. Akaweka kiganja chini ya kompyuta, mahali ambapo baada ya kazi ya mchana kutwa pangekuwa pa moto. Palikuwa baridi kama jiwe la mtoni. Alichomoa betri, akafunga kibanda, wala hakumuaga Hanta.

*

Jumapili Ralambo alikuja kula chakula cha mchana kwa mama yao, na Tahina akamwonyesha. Ule mtandao ulikuwepo hata pale nyumbani, upande mwingine wa mji, umejaa vilevile. Mzee akavaa miwani, akasoma, akavua miwani, machozi yakamlengalenga.

"Ni baba yangu huyu. Hakuogopa kitu duniani ila baridi."

"Lakini Baba Mkubwa, hii kadi…"

"Kadi imefanyaje?"

Wali ulikuwa unafuka mvuke. Mama alikuwa ameshika mwiko hewani.

"Ni ya zamani," Tahina akasema. "Basi tu."

Ralambo akacheka, akampiga bega. "Ya zamani ndiyo nzuri. Unaona? Sisi hata wafu wetu wana waifai. Hao wengine wana nini?" Akaagiza hariri ya ziada kwa ajili ya babu, sanda tatu badala ya moja, akawapigia simu watoto wa ndugu walioko ng'ambo kuwahadithia. Kufika jioni ukoo mzima ulikuwa unajua kwamba babu amemwita Ralambo kwa jina. Jina halikuwepo, lakini hadithi ya mkubwa huongezewa nyama na nani atabisha.

Jikoni, mama alikuwa anamimina maji kwenye sufuria ya ukoko ili wapate ya kunywa baada ya wali. Hakugeuka.

"Njaka alikuwa anasikia baridi hata Desemba," alisema taratibu.

"Mama, nyamaza. Atasikia."

"Nimenyamaza miaka mitatu, mwanangu. Kadi ni ya nani?"

Tahina akatazama mlango wa sebuleni.

"Wewe ndiye unashika orodha. Kabla ya kuziba mlango wa kaburi baba yako mkubwa atauliza mara tatu kama kuna jina lililosahauliwa. Mara tatu, Tahina. Mwanamke hajibu pale, ingekuwa ruhusa ningejibu mimi. Ukikaa kimya, mpaka miaka saba mingine, na mimi miaka saba sinayo. Nataka nilale na watoto wangu wote wawili. Sina ombi jingine kwako."

"Nitasema," alimwambia. Na wakati anasema alikuwa anamaanisha, tumpe haki yake.

Usiku wa kuamkia tarehe ishirini na sita alifungua orodha, akaweka kiteuzi baada ya jina la mia na saba, akaandika jina la kaka yake. Akalitazama. Alilia kidogo, machozi ya mtu anayejiona mwema. Alijiambia kwamba mzee akisoma mbele za watu hataweza kuliruka, na hivyo haitakuwa lazima yeye afungue mdomo.

*

Ambohitsoa siku ile ilikuwa na watu mia tatu. Filimbi na ngoma tangu asubuhi, wali uliozama kwenye mafuta ya nguruwe, wanawake na miavuli, vumbi jekundu mpaka magotini. Mlango wa jiwe ulisukumwa, na wafu wakatolewa juu ya mikeka, wepesi, wakapakatwa na watoto wao. Babu akavikwa sanda zake tatu. Mama alizungumza na mumewe kwa muda mrefu, akimpapasa juu ya sanda penye bega.

Saa kumi Tahina akaweka kompyuta juu ya kreti la bia, karibu na mlango. Bonde lile halina umeme, halina mnara, halina kitu. Kwenye pembe ya kioo ule mtandao ulikuwepo, umejaa.

Ralambo akavaa miwani, akaanza kusoma. Kila jina la aliyekufa watu walilipokea kwa vigelegele, la aliye hai kwa kicheko na matani. Mia na tano. Mia na sita. Mia na saba.

Akanyamaza.

Filimbi zilinyamaza nazo, sijui nani aliziambia. Mzee alisoma tena kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akainua macho, na hakupaza sauti, ndiyo mambo yake yote, hapazi sauti.

"Hiki ni nini, Tahina?"

Watu mia tatu walimtazama. Mama alimtazama. Maneno aliyokuwa nayo tangu jikoni, yote, aliyatafuta kinywani akakuta ulimi mkavu. Mbele yake mlango ulikuwa wazi, na ndani, upande wa kushoto, kwenye rafu ya pili ya jiwe, palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Aliiona kwa macho yake.

"Kosa la mashine, Baba Mkubwa."

"Rekebisha."

Akabonyeza kitufe kilekile. Majina yakapanda.

Ralambo akamaliza orodha. Akasimama mlangoni, akawageukia watu, akauliza kama kuna jina lililosahauliwa. Kimya. Akauliza mara ya pili. Upepo ulipeperusha pindo za sanda. Mama alikuwa anamtazama mwanawe bila kupepesa, mikono ameikunja juu ya tumbo, kama mtu anayesubiri kuhudumiwa. Mara ya tatu.

Tahina aliinamisha kichwa.

Walirudisha wafu, wakasukuma jiwe, wakaziba kingo kwa udongo. Jua lilikuwa bado kidole kimoja juu ya kilima. Waliporudi mjini, mama alipika wali wa mtu mmoja.

*

Kesho yake jioni aliing'oa kadi. Aliifunga kwenye kipande cha hariri kilichobaki, akateremka mpaka kule bondeni kwenye mfereji, nyumbani kwa Vololona, ambako hakuwahi kukanyaga. Alimkuta anapiga pasi nguo za watu kwa pasi ya makaa, mlango wazi. Simu yake ilikuwa imeegemezwa kwenye kikombe, inacheza wimbo wa kanisani.

"Shemeji," Vololona alisema. Hakushangaa wala hakutabasamu. "Ingia, basi. Kaa hapo karibu na jiko."

Tahina akakaa, akanyoosha mikono juu ya makaa, na kwa mara ya kwanza alisema yote. Kadi, jina la mtandao, hariri ya babu, kosa la mashine. Alisema bila kujitetea sana. Akaweka kile kifurushi mezani.

"Nimekuja kumrudisha," alisema. "Na kukuomba radhi. Amelala kule barabarani anasikia baridi, na mimi…"

"Nani?"

"Njaka."

Vololona akaweka pasi kwenye kisigino chake.

"Njaka hayupo barabarani, shemeji. Tulimtoa Agosti iliyopita. Ndugu zangu walifuata taratibu zote za manispaa, tukampeleka kwetu. Baba yangu alimpa sehemu yake mwenyewe, karibu na mlango, penye jua la asubuhi. Tulicheza naye mchana kutwa." Aliinua kola ya shati, akaitazama, akailaza. "Tulituma mtu kuwaambia. Aliambiwa na mzee mmoja asirudi tena getini."

"Lakini anasema…"

"Kwangu anakuja, tena mara nyingi. Anakuja anacheka. Hajawahi kusema anasikia baridi."

Makaa yalilia, tss, kama yamedondokewa na tone. Hakuna kilichodondoka. Na ile harufu ilikuwa imeingia… udongo mwekundu, uliolowa.

Wimbo wa kanisani ukakatika katikati ya neno. Vololona akachukua simu, akaitazama kwa muda, kisha akaigeuza ili Tahina aone. Mitandao ya mtaa ule ilikuwa mitatu, dhaifu. Juu yake ulikuwepo wa nne.

*Nasikia baridi.*

"Ni kadi hii," Tahina alisema. "Haina umeme, haina kitu, lakini ni hii kadi."

"Toka nje kidogo."

"Shemeji…"

"Iache mezani. Wewe toka. Hatua kumi."

Alitoka. Alihesabu hatua kumi kando ya mfereji, akasimama. Kupitia mlangoni alimwona Vololona ameinamia simu, uso umemulikwa kwa chini, kadi mbele yake kwenye hariri.

"Hatua nyingine kumi," alimwambia.

Akaenda.

"Sasa rudi."

Akarudi taratibu, na kila alipopiga hatua alimwona Vololona anajivuta nyuma kidogo, mabega yakienda ukutani. Alipofika kizingitini, shemeji yake aliinua kiganja.

"Simama hapo hapo."

Hakuwa na haja ya kuonyeshwa. Lakini alionyeshwa. Mistari iliyofifia alipokuwa mbali ilikuwa imejaa tena, na kadi haikuwa imesogea mezani.

Tahina alitazama mikono yake. Ilikuwa imekaa juu ya makaa nusu saa nzima, na tangu alipoingia nyumba ile hakuwa amepata joto hata la kudanganyia. Alijaribu kukumbuka lini mara ya mwisho alipata joto. Si jana. Si siku ile ya selotepu. Alirudi nyuma kwa mawazo, mwaka hadi mwaka, mpaka akafika kwenye sebule ya Ralambo, na hapo hakutaka kuendelea.

"Niruhusu nikae kidogo," alisema. Sauti ilimtoka ndogo. "Kidogo tu, hapo kwenye jiko. Vololona, kweli, nasikia…"

Hakumalizia.

Vololona alimtazama. Huruma ilikuwepo usoni pake, Tahina aliiona, na akaona pia ilivyokunjwa na kuwekwa pembeni, kama shati la mtu mwingine.

"Nenda kwenu, shemeji," alisema. "Wewe umo kwenye orodha."

Akafunga mlango. Komeo likaingia polepole, bila hasira.

Tahina akaanza kupanda njia ya mferejini, mikono ameificha kwapani. Ilikuwa saa ya watu kurudi kutoka kazini, madirisha wazi, sufuria zinachemka. Alipopita nyumba ya kwanza, mtu ndani aliinua simu yake, akaikunjia uso. Nyumba ya pili vilevile. Kwenye ya tatu alisikia sauti ya msichana ikimuuliza mama yake huu mtandao ni wa nani, na mama akasema usiuguse, kisha akaja dirishani, akatazama njiani, akafunga.